Pikipiki ya dada ilipoanza kutikisa kichwa

Katika nyumba nyingi mjadala wa pikipiki huanza na kijana anayetaka kuwa bodaboda. Kwetu ulianza na dada yangu mkubwa, muuguzi wa zahanati moja katika Wilaya ya Kilindi, mkoani Tanga, mama wa watoto wawili.

Pikipiki yake ni Yamaha DT 125, ile ndefu yenye tairi za meno ambayo watu wa vijijini huitambua kwa mlio kabla haijaonekana. Aliinunua kwa mkopo, ikiwa imeshatumika miaka mingi. Siku za huduma ya mkoba hufunga kwenye keria sanduku la chanjo lenye vipande vya barafu, mzani wa kupimia watoto, rejesta na chupa yake ya chai, kisha huondoka alfajiri kwenda vitongoji ambako gari halifiki.

Kazi hiyo ina masharti yake. Chanjo za watoto hutunzwa kati ya nyuzijoto 2 na 8 za Selsiasi. Kuna mtoto anayesubiri chanjo ya wiki ya 6, mwingine ya wiki ya 10, mwingine ya wiki ya 14, na wa miezi 9 anasubiri ya surua na rubela. Ratiba hiyo haiahirishwi kwa sababu njia ina mchanga.

Na njia ina mchanga kweli. Mwishoni mwa kiangazi kimoja dada alianza kulalamika kwamba pikipiki "inatikisa kichwa". Akifika mwendo wa kilomita 50 kwa saa, hendeli huanza kucheza kushoto na kulia, mwanzo kidogo, halafu kwa kasi, kama mtu anayekataa jambo. Mara mbili alipunguza mafuta ikatulia. Mara ya tatu ilimtupa pembeni ya njia. Goti lilichubuka na mzani ukavunjika. Alinyanyuka, akakagua sanduku la chanjo, akaendelea hadi kitongojini, akachanja watoto waliokuwa wakimsubiri chini ya mwembe. Jioni ndipo alipompigia mume wake.

Shemeji alisema maneno manne tu: "Hiyo pikipiki sasa iuzwe."

Hofu yenye historia

Ni rahisi kumwona shemeji kama mume anayetaka kumfungia mke ndani. Sisi tunaomfahamu hatukumwona hivyo. Miaka tisa iliyopita mdogo wake alifariki kwa ajali ya pikipiki, na simu ya taarifa aliipokea yeye. Tangu siku hiyo, simu ikiita usiku kutoka namba asiyoijua, huipokea akiwa amesimama.

Kwa hiyo aliposema iuzwe, hakuwa anazungumzia chuma. Alitaka dada aombe uhamisho, aende kituo cha mjini ambako chanjo hufuatwa na akina mama wenyewe. Dada naye alijibu kwamba wale akina mama wa vitongojini wana miguu, lakini wana pia mashamba, mimba nyingine na watoto wengine mgongoni. "Mimi nikiacha kwenda," alisema, "hakuna atakayekuja. Watakaa."

Mama yetu, aliyeko Tanga mjini, alisikiliza pande zote mbili kwa simu kwa wiki nzima. Hakumkatia shauri yeyote. Alichofanya ni kumpigia kaka yake, mjomba wetu aishiye Muscat, kumweleza kwamba nyumba ya binti yake haina amani kwa sababu ya usukani wa pikipiki.

Mjomba si mtu wa pikipiki, lakini vijana wake wanazo, na siku za mapumziko huenda kuziendesha kwenye vilima vya mchanga nje ya mji. Wiki tatu baadaye msafiri mmoja alituletea bahasha nzito. Ndani kulikuwa na kitu cha alumini, ukubwa wa kopo dogo la maziwa lililokandamizwa, chenye kitufe cha kuzungusha juu na mkono mfupi wa chuma ubavuni. Kilikuwa kimetumika. Ujumbe wa mjomba ulisema: "Mwambieni nesi aifunge hii kwenye usukani. Vijana hapa hawaingii mchangani bila hiyo."

Kifaa chenyewe ni nini

Mafundi niliowaonyesha walikiita "shokapu ya usukani", na ni jina linalofaa. Shokapu za kawaida hupunguza mtikisiko wa juu na chini. Hii hupunguza wa kushoto na kulia. Mimi nitaiita kituliza usukani. Ni kifaa cha kawaida kwa wanaoshindana jangwani, katika mashindano kama Dakar Rally, ambayo tangu mwaka 2020 hufanyika Saudi Arabia.

Ndani yake kuna mafuta na bapa la chuma linalozunguka. Ule mkono wa nje umeungana na bapa. Usukani ukigeuka, mkono hugeuza bapa, na mafuta hulazimika kupita kwenye tundu dogo ili kulipisha. Ukigeuza taratibu, mafuta hupata muda wa kupita na wewe huhisi uzito kidogo tu. Gurudumu likigonga jiwe na usukani ukataka kurushwa ghafla, mafuta hayawahi kupita, kwa hiyo yanakataa.

Aliyekulia pwani anaweza kufikiria maji ya kiunoni. Ukitembea polepole yanakupisha. Ukitaka kukimbia yanakushika.

Lakini kifaa peke yake hakifanyi kitu. Lazima kifungwe sehemu mbili kwa wakati mmoja: mwili wake ushikamane na usukani unaogeuka, na ncha ya mkono wake ishikwe na kitu kilichotulia kwenye fremu. Pikipiki nyingi za mashindano zina vishikio maalumu vya kununua. Kwa DT ya dada hatukuwa nacho. Ilibidi kitengenezwe.

Fundi aliyekataa kuanza

Dada alichukua likizo ya siku nne, pikipiki ikapandishwa kwenye fuso hadi Tanga, nami nikasafiri kutoka Dar es Salaam. Tulikwenda Ngamiani kwa fundi mmoja mtu mzima anayekereza vyuma, ambaye mama anamfahamu tangu tukiwa wadogo. Shemeji alikuja pia. Alisema anakuja kuona kitakachofanyika, lakini bei ya kuuza alikuwa ameshaiulizia.

Fundi alikigeuza kile kifaa mkononi, akakisifu, akakiweka mezani. Kisha akasema hatakifunga leo.

"Nesi," alimwambia dada, "mgonjwa akija kwako analalamika kichwa kinauma, unampa dawa ya maumivu halafu unamwacha aende?"

"Hapana, fundi. Nampima kwanza."

"Basi na huyu tumpime."

Aliweka kreti chini ya injini hadi gurudumu la mbele likaning'inia. Akachuchumaa, akashika miguu ya shokapu mbili za mbele kwa chini, akavuta kwake na kusukuma. Ilisikika "tok". Akasogeza usukani kwa kidole kimoja kutoka kushoto kwenda kulia. Ulipofika katikati ulikwama kidogo, kama umeingia kwenye shimo, kisha ukaendelea. Akamwita shemeji ajaribu mwenyewe kwa kidole. Shemeji akajaribu mara tatu.

Usukani wa pikipiki huzunguka ndani ya shingo ya fremu, juu ya gololi zilizopangwa kwenye vikombe viwili vya chuma, kimoja juu na kimoja chini. Kwa kuwa muda mwingi usukani huwa umenyooka, gololi hupigwa mahali palepale kila gurudumu linapogonga shimo, na baada ya miaka huchimba vishimo kwenye vikombe. Fundi alipofungua tukaviona kwa macho. Grisi ilikuwa imekauka ikawa kama udongo, na gololi tatu zilikuwa na kutu.

Hayakuishia hapo. Spoku kadhaa za gurudumu la mbele zililegea. Tairi la mbele lilikuwa na upepo mdogo kuliko inavyotakiwa. Na keria ilikuwa imeongezwa urefu kwa kuchomelewa, kwa hiyo sanduku la chanjo lilikaa nyuma kabisa ya ekseli. Mzigo ukikaa huko, uzito hutoka mbele, na gurudumu la mbele likikosa uzito huanza kutangatanga.

"Hiki kifaa cha Muscat," fundi alisema, "kingeficha haya yote. Angeenda vizuri mwezi mmoja, miwili. Halafu siku gololi zinapasuka, hana dalili tena ya kumwonya."

Katika kazi yangu ya kuandika habari za afya nimesikia sentensi hiyo kutoka kwa madaktari kwa namna nyingi. Sikutegemea kuisikia Ngamiani, kutoka kwa mtu mwenye grisi hadi kwenye viwiko.

Siku mbili za chuma

Siku ya kwanza ilikwisha kwa vikombe vipya, gololi mpya na grisi mpya. Nati ya shingo ilikazwa kwa kipimo: usukani usiwe na mchezo, lakini ukiachiwa uanguke upande wenyewe kwa uzito wake. Ikikazwa mno, gololi hujichimbia vishimo upya. Spoku zilikazwa, upepo ukapimwa, keria ikakatwa na sanduku likasogezwa mbele, karibu na siti.

Dada akaijaribu jioni kwenye barabara ya vumbi nje ya mji. Alirudi akisema haitikisi tena. Shemeji alinitazama kana kwamba anauliza: basi, kifaa cha nini?

Fundi ndiye aliyemjibu. Alisema tatizo la pikipiki limeondoka, lakini mchanga wa Kilindi haujaondoka. Jiwe lililofichwa na vumbi litaendelea kurusha usukani hata wa pikipiki mpya. Sasa, alisema, ndipo kituliza kinapopata kazi yake halali.

Siku ya pili alitengeneza vishikio. Kile cha juu kilikuwa bapa la alumini lililokatwa kwa msumeno na kutobolewa, likafungwa juu ya vibanio vya hendeli, ambayo kwa pikipiki hii ina kipenyo cha karibu milimita 22. Kazi ngumu ilikuwa kuweka katikati ya kituliza juu kabisa ya katikati ya nati ya shingo. Ikikosea, mkono hautazunguka kwa duara moja na usukani, utavuta upande mmoja na kusukuma mwingine. Alipima kwa uzi, kwa rula, kisha kwa jicho, na jicho lilikubaliana na uzi.

Cha chini ni kijinguzo kinachosimama nyuma ya shingo ya fremu, chenye pini wima inayoingia kwenye mpasuko wa mkono wa kituliza. Shemeji alishauri kichomelewe moja kwa moja ili kisilegee. Fundi alikataa. Shingo ndipo fremu nzima inapobeba mapigo ya barabara, na moto wa kuchomelea unaweza kudhoofisha chuma pale, mbali na kuyeyusha grisi iliyowekwa jana. Badala yake alikereza pete ya vipande viwili inayokumbatia shingo na kukazwa kwa bolti. Baadaye pikipiki ikiuzwa, pete inatoka na fremu inabaki ilivyokuwa. Aliposema "ikiuzwa" alimtazama shemeji, wote tukacheka, shemeji pia.

Kabla ya kukaza kwa mara ya mwisho aligeuza usukani hadi mwisho wa kushoto na mwisho wa kulia, mara nyingi, akitazama mkono usiguse tenki, waya za breki na klachi zisibanwe, pini isichomoke wala isikwame. Bolti alizitia gundi ya nati. Kitufe cha juu akakizungusha hadi alama ya chini kabisa.

"Anza na laini," alimwambia dada. "Ukifunga sana, mwendo mdogo utashindwa hata kusawazisha. Pikipiki ikielemea kushoto unairudisha kwa usukani. Usukani mgumu utakuangusha ukiwa unatembea kama kobe."

Alichokiuliza shemeji

Shemeji aliomba aijaribu yeye. Alikwenda na kurudi mara mbili kwenye kipande kibovu cha barabara. Alipozima injini alikaa juu ya siti bila kushuka, akageuza hendeli polepole, kisha akaisukuma ghafla, kisha polepole tena.

"Inakuacha ukate kona," alisema, akijisemesha zaidi kuliko kutuambia. "Inakataa tu ukirushwa."

Usiku ule nyumbani kwa mama, baada ya chakula, dada alimwambia jambo ambalo mimi nilikuwa sijawahi kumsikia akilisema. Kwamba yeye pia anaogopa. Kwamba baada ya kuanguka, kila akiukaribia mchanga mikono yake hukaza hadi vidole vinauma. Lakini kila akirudi nyumbani na hofu hiyo, hukuta hofu nyingine kubwa zaidi imeketi sebuleni inataka pikipiki iuzwe, kwa hiyo yake huimeza. "Nikikwambia naogopa, unanipokonya usukani," alimwambia. "Kwa hiyo nikaacha kukwambia."

Shemeji alinyamaza muda mrefu. Mama akajifanya anatafuta glasi. Mwishowe shemeji aliuliza swali moja: "Sasa unataka nifanye nini nikiogopa?"

Dada alikuwa na jibu. Alitaka ajue njia anazopita kila siku ya mkoba na saa ya kurudi. Alitaka Jumapili wakague pikipiki pamoja. Alitaka wakubaliane masharti ya kutotoka: mto ukiwa umejaa, mvua kubwa ikiwa imenyesha usiku kucha, au akiwa amekesha zamu. Siku hizo hata yeye asibishane. Siku nyingine asipigiwe simu kila nusu saa akiwa njiani.

Ninaandika ukurasa wa familia, si wa mafundi, na hapa ndipo ninapotaka msomaji akae nami kidogo. Wengi wetu tunapompenda mtu anayefanya kazi ya hatari huwa tunajua njia mbili tu: kumwachia kabisa tukijifanya hatuna wasiwasi, au kumshika mikono asigeuke popote. Ya kwanza humwacha peke yake. Ya pili humfanya afiche dalili, na dalili zikifichwa hakuna anayeweza kumsaidia. Kati ya hizo kuna ile aliyoikubali shemeji usiku ule: kumwacha mtu achague mwelekeo, wewe ukabaki karibu kwa ajili ya mshtuko.

Mikono ya dada

Kwa upande wa afya kuna jambo nililolifuatilia mwenyewe. Dada alikuwa akiamka usiku vidole gumba, cha shahada na cha kati vikiwa na ganzi, akilazimika kukung'uta mkono. Kwenye kifundo cha mkono kuna njia nyembamba ambamo hupita neva moja kuu na kano tisa za kukunja vidole. Njia hiyo ikivimba, neva hubanwa, na ganzi huja hasa usiku na hasa kwenye vidole hivyo. Kushika kitu kwa nguvu kwa muda mrefu, pamoja na mtikisiko, ni miongoni mwa mambo yanayochangia.

Daktari alimpa kitambaa kigumu cha kuvaa usiku kinachonyoosha kifundo, na kumshauri apunguze kukaza mikono. Leo, miezi mitano baadaye, ganzi imepungua lakini haijaisha. Pikipiki haijawa dawa. Imemwezesha tu kushika hendeli kama inavyopaswa kushikwa, kwa mikono iliyolegea na magoti yaliyobana tenki.

Kama nyumbani kwako kuna anayeendesha pikipiki katika njia mbovu, iwe kwa chanjo, kwa mifugo au kwa abiria, yako mambo mnayoweza kuyafanya wiki hii bila kungoja bahasha kutoka Muscat. Nyanyua gurudumu la mbele, vuta na sukuma shokapu, usikie kama kuna "tok". Geuza usukani kwa kidole. Pima upepo. Gonga spoku kwa spana. Iliyolegea hutoa sauti ya kizembe. Sogeza mzigo mbele. Usukani ukianza kucheza njiani, usikaze mikono wala kubana breki kwa ghafla. Punguza mafuta taratibu, egemea mbele kidogo.

Na kofia ngumu ivaliwe, ifungwe kamba. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa na Cochrane mwaka 2008 ulikadiria kwamba hupunguza hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69 na ya kufa kwa asilimia 42. Hakuna kifaa cha usukani chenye sifa hiyo.

Hayo ya ukaguzi si mapya katika sekta ya afya. Shirika la Riders for Health, lililoanzishwa na Waingereza Andrea na Barry Coleman, lilijenga kazi yake barani Afrika, ikiwemo Lesotho na Gambia, juu ya wazo hilohilo: mhudumu wa afya afundishwe kuendesha na kuitunza pikipiki, na itengenezwe kabla haijaharibika. Waliona pikipiki zikitupwa kwa kukosa vitu vidogo, na nyuma ya kila moja kulikuwa na kijiji kisichofikiwa.

Shemeji sasa ana kidaftari. Kila Jumapili huandika tarehe, upepo wa tairi na alama ya kile kitufe, ambayo dada ameipandisha mara mbili tu tangu atoke Ngamiani. Wiki iliyopita mvua ilinyesha usiku kucha na dada hakutoka, kama walivyokubaliana. Siku iliyofuata mto ulipungua akaenda. Shemeji alinipigia saa nne asubuhi kuniuliza habari za Dar es Salaam, jambo ambalo huwa halifanyi. Tukazungumza bei ya mchele, mpira na joto. Hakumtaja dada hata mara moja, na yeye hakumpigia hadi saa kumi na moja jioni, saa waliyopatana.